Nani alimwangusha nyota wa kwanza wa sinema ya Kitamil?

Februari 2024, mwigizaji Vijay wa kusini mwa India alipotangaza kuanzisha chama cha siasa, wengi wetu huku Afrika Mashariki tuliipokea habari hiyo kama habari ya Bollywood. Siyo. Vijay si wa Bollywood, kama ambavyo Rajinikanth na Kamal Haasan nao si wa huko. Hao ni watu wa sinema ya Kitamil, ambayo makao yake ni Chennai, jiji lililoitwa Madras hadi 1996. Bollywood ni sinema ya Kihindi ya Bombay, ambayo leo inaitwa Mumbai. Kihindi na Kitamil si lahaja za lugha moja. Hata ukoo mmoja hazitoki: Kihindi kiko kundi moja na Kigujarati na Kipunjabi, Kitamil ni Kidravidi pamoja na Kitelugu, Kikannada na Kimalayalamu.

Kuchanganya kwetu kuna sababu. Wahindi waliohamia Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wengi wao walikuwa Wagujarati, Wakachi, Wapunjabi na Wagoa. Majumba ya sinema ya mijini yakaleta filamu walizozielewa wao, yaani za Bombay, na sisi wengine tukazipenda humo humo. Mahadhi yake yakaingia hadi kwenye taarabu, na aliyesikiliza nyimbo za Juma Bhalo wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Filamu za Kitamil hazikupata mlango huo. Zimetufikia juzi tu, kwa kanda, setilaiti na simu, zikatukuta tayari tuna jina moja la kuziitia zote.

Kila anaposikia habari za watu wa Tamil Nadu, jimbo la Watamil, wanaomwagia maziwa sanamu za waigizaji na kuwapigia kura, msomaji wetu huuliza swali lile lile: hawa watu waliwapendaje waigizaji kiasi hiki? Ukifuata nyuma mwanzo wa mapenzi hayo unamkuta mtu mmoja, M. K. Thyagaraja Bhagavathar, aliyezaliwa 1910 na kufa 1959. Kwa Watamil huyu ndiye nyota wa kwanza mkubwa wa filamu zao. Kisa chake hupenda kusimuliwa kwa ufupi hivi: aliimba, akapendwa kupita kiasi, akasingiziwa mauaji, akafungwa, akatoka jela akiwa amekwisha. Ni kisa kitamu, na karibu kila kipande chake ni cha kweli. Tatizo ni neno "akafungwa" kubebeshwa mzigo wote. Alifungwa pamoja na mwigizaji mwingine maarufu, kwa kesi ile ile, muda ule ule, na huyo mwenzake alitoka akafanya kazi na kupendwa hadi kufa kwake. Kwa hiyo jela peke yake haielezi.

Ili kuelewa kilichotokea inabidi tuanze mbali kidogo, kabla ya filamu.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, burudani kubwa ya miji na vijiji vya Watamil ilikuwa natakam, yaani tamthilia ya jukwaani. Lakini msomaji asifikirie tamthilia ya watu kukaa na kujibizana maneno. Hii ilikuwa tamthilia ya kuimba. Mfalme akikasirika anaimba, mke akifiwa anaimba, na ugomvi wa wapenzi hupitia mashairi ya kujibizana. Hadithi zilitoka kwenye Mahabharata na Ramayana, tenzi kuu za kale za Wahindu, na visa vya watakatifu ambavyo kila mtazamaji alivijua tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kutaka kujua mwisho utakuwaje. Walikwenda kusikia leo utaimbwaje.

Mtu aliyeipa tamthilia hiyo umbo lake ni Sankaradas Swamigal (1867–1922), mtunzi aliyeandika michezo mingi na kulea makampuni ya wavulana. Watoto wadogo, wengi wa familia maskini, waliwekwa kambini, wakafundishwa kuimba, kucheza, upanga na mistari ya kukariri, kisha wakazungushwa mji hadi mji. Nidhamu ilikuwa kali na malipo kidogo. Makampuni hayo ndiyo yaliyotoa karibu kizazi kizima cha kwanza cha waigizaji wa filamu za Kitamil, akiwemo M. G. Ramachandran, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo.

Pembeni ya makampuni kulikuwa na mfumo mwingine uliojulikana kama "special natakam". Hapa hakuna kampuni. Mwandalizi anakodi mwigizaji mmoja mmoja kutoka miji tofauti kwa usiku mmoja. Ukiwahi kutazama ndondo ya mtaani Dar es Salaam, timu inapokodi mamluki wakutane uwanjani siku hiyo hiyo, mfumo huu umeshauelewa: hawajafanya mazoezi pamoja, lakini kila mmoja anaijua kazi ya namba yake. Michezo ya Swamigal ilikuwa imeenea kiasi kwamba shujaa wa mji huu na bibi (mhusika mkuu wa kike) wa mji ule waliweza kukutana jukwaani saa nne usiku na kuimba hadi alfajiri bila kukosana. Tena walishindana. Mmoja akipandisha sauti, mwingine anapandisha zaidi, mpiga harmoniamu naye anawachokoza, na watazamaji wanataka wimbo urudiwe mara ya pili na ya tatu. Bango lilitaja majina ya waimbaji kwa herufi kubwa. Nyota alikuwa koo lake.

Wakubwa wa enzi hiyo walikuwa S. G. Kittappa na mkewe K. B. Sundarambal. Kittappa alifariki Desemba 1933 akiwa na miaka 27 tu, bila kuonekana kwenye filamu hata moja. Sundarambal, mjane kijana, alishawishiwa kuigiza filamu ya Nandanar iliyotoka 1935, akacheza nafasi ya mtakatifu mwanamume, kwa malipo ya rupia laki moja. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kutisha, na zinatueleza watengenezaji filamu walikuwa wakinunua nini hasa. Hawakumnunua mtu anayefanana na mtakatifu Nandanar. Walinunua sauti.

Sasa Bhagavathar. Alizaliwa Mayavaram, mji unaoitwa leo Mayiladuthurai, katika familia ya masonara, kisha akakulia Tiruchirappalli, ambako wenyeji huita Trichy kwa mkato. Shule haikumkaa. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akiwa mdogo, na babake alipompata kule Kadapa alimkuta amezungukwa na watu wakimsikiliza akiimba. Trichy kulikuwa na ofisa wa reli aliyependa sana sanaa, F. G. Natesa Iyer, mwanzilishi wa chama cha Rasika Ranjana Sabha. Huyo ndiye aliyemsimamisha jukwaani akiwa na umri wa miaka kumi hivi, kama mtoto wa mfalme katika mchezo wa Harishchandra. Baada ya hapo akasomeshwa muziki wa Kikarnatiki, muziki wa kale wa kusini mwa India, kwa miaka kadhaa, na mmoja wa walimu wake alikuwa mpiga fidla Ponnu Iyengar. Jina "Bhagavathar" halikuwa la ukoo. Ni cheo cha mwimbaji wa nyimbo takatifu, na alipewa baada ya kuthibitisha uwezo wake mbele ya wajuzi.

Mtoto wa sonara kupewa cheo hicho si jambo dogo. Kumbi za muziki wa Kikarnatiki za Madras zilitawaliwa na Mabrahmini, tabaka la juu la Wahindu, jukwaani na vitini. Bhagavathar aliuchukua muziki ule, akaupunguza urefu, akaupa maneno ya Kitamil yanayoeleweka, na akaupeleka kwa mtu mwenye anna chache, yaani vijisenti vya India ya wakati ule, za tiketi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kubwa kuliko rekodi yoyote ya mauzo.

Filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, Kalidas, ilitoka Oktoba 1931. Iliongozwa na H. M. Reddy, bibi akiwa T. P. Rajalakshmi, mwigizaji wa jukwaani. Kuiita ya Kitamil kunahitaji uvumilivu kidogo, kwa sababu bibi alisema Kitamil na shujaa wake akamjibu kwa Kitelugu. Watu hawakujali. Walisikia picha ikiimba.

Hapa ndipo penye fundo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Leo tunajua kwamba katika filamu za India anayeonekana akiimba siye anayeimba. Mwigizaji anatikisa midomo, sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio. Utaratibu huo wa kuimbiwa tumeuzoea hata tunadhani umekuwepo siku zote. Haukuwepo. Miaka ya mwanzo ya thelathini picha na sauti vilinaswa kwa pamoja, papo kwa papo. Ukitaka shujaa aimbe kwenye bustani, inabidi aimbe kweli, bustanini, kamera ikizunguka, kipaza sauti kimefichwa matawini na wapiga ala wamejibanza nyuma ya mti wasionekane. Akikosea noti, mnarudia yote. Asiyejua kuimba hakuwa na kazi ya ushujaa, hata awe na sura ya malaika.

Kwa sharti hilo, mtengenezaji filamu angekwenda kutafuta waigizaji wapi kama si kwenye natakam? Mwaka 1934 wakili kijana aliyegeuka mwongozaji, K. Subrahmanyam, alichukua mchezo wa Pavalakkodi, uliokuwa ukijaza watu jukwaani huku Bhagavathar na S. D. Subbulakshmi wakiwa wahusika wakuu, akaupiga filamu na watu wale wale. Nyimbo zilikuwa takriban 50. Ndiyo, hamsini kwenye filamu moja. Ilipigwa Adyar, pembezoni mwa Madras, kwa mwanga wa jua, na moja ya shida zake zinazokumbukwa ni kunguru: kipaza sauti hakichagui, kinanasa kunguru kama kinavyonasa mwimbaji, ikabidi wafukuzwe kwa bunduki kabla ya kuanza kupiga picha.

Kwa hiyo mtu akikwambia filamu iliua tamthilia ya jukwaani ya Watamil, mpunguzie spidi. Kwa miaka ile ya mwanzo filamu ilikuwa ni natakam iliyowekwa ndani ya kopo ili iweze kusafiri. Waigizaji wale wale, hadithi zile zile, nyimbo zile zile, hata namna ya kusimama kumwelekea mtazamaji. Kilichobadilika ni kwamba kijiji kisichowahi kumudu kumkodi Kittappa kiliweza kumpata Bhagavathar kwa nusu saa ya kutembea hadi kwenye hema la sinema.

Kisha akapaa. Chintamani ya 1937, iliyoongozwa na Y. V. Rao, ilikaa kwenye ukumbi mmoja zaidi ya mwaka, na faida yake iliwawezesha wenye kampuni ya Royal Talkies ya Madurai kujenga jumba jipya la sinema wakalipa jina la filamu hiyo hiyo. Mwaka huo huo ikatoka Ambikapathy, chini ya mwongozaji Mmarekani Ellis R. Dungan, ambaye hakujua Kitamil na bado alifanya kazi nzuri. Zikafuata Thiruneelakantar (1939), Ashok Kumar (1941) na Sivakavi (1943). Mashairi ya nyingi ya nyimbo zake yalitoka kwa Papanasam Sivan, mtunzi wa Kikarnatiki mwenye jina kubwa, na hao wawili walifaana kama ambavyo mtunzi na mwimbaji hufaana mara moja katika kizazi. Santuri zikazisambaza nyimbo pasipofika filamu. Vijana walifuga nywele ndefu hadi mabegani wakazichana kama yeye, na mtindo huo ukaitwa kwa jina lake.

Alikuwa mwigizaji mzuri? Nijibu bila kupaka rangi: kwa macho ya leo, hapana, au si sana. Ukitazama Ashok Kumar utamwona amesimama, uso mtulivu, mikono haina shughuli, akisubiri wimbo. Wimbo ukianza kila kitu kinabadilika, hata mabega. Lakini kumpima kwa kipimo cha uigizaji wa kisasa ni kumwonea, maana hakuna aliyemlipa kwa ajili hiyo.

Kilele kilikuwa Haridas, iliyotoka Oktoba 1944 wakati wa sikukuu ya Deepavali, yaani Diwali. Ni kisa cha kijana tajiri anayewadharau wazazi wake kwa ajili ya mwanamke mrembo, kisha anajuta na kurudi miguuni pao. Kwenye ukumbi wa Broadway wa Madras ilionyeshwa Deepavali tatu: ya 1944, ya 1945 na ya 1946. Hapa pia pana kutoelewana kidogo, kwani wengi husema filamu ilikaa miaka mitatu. Hesabu mwenyewe: kutoka Deepavali ya kwanza hadi ya tatu ni miaka miwili. Hata hivyo miaka miwili ukumbi mmoja filamu moja ni ajabu ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo miwili, nyota wa filamu hiyo, Bhagavathar, alikuwa mahabusu na kisha mfungwa.

Kesi yenyewe hueleweka vibaya, kwa hiyo tuende taratibu. Madras kulikuwa na mtu aitwaye C. N. Lakshmikanthan, mwandishi wa magazeti ya udaku. Gazeti lake la kwanza, Cinema Thoothu, liliishi kwa kuanika mambo ya chumbani ya waigizaji, na waliotaka wasianikwe walilipa. Bhagavathar, mchekeshaji N. S. Krishnan na mwongozaji Sriramulu Naidu walipeleka malalamiko kwa gavana wa Madras, Arthur Hope, na leseni ya gazeti ikafutwa. Lakshmikanthan akarudi na gazeti lingine, Hindu Nesan, akaendelea na waigizaji pamoja na matajiri wengine. Tarehe 8 Novemba 1944 alichomwa kisu akiwa kwenye riksho mtaa wa Vepery. Akafa hospitalini siku iliyofuata.

Kwa kuwa ugomvi wao ulijulikana na kila mtu, polisi waliwakamata watatu hao kwa tuhuma za kula njama, pamoja na watu wengine. Naidu aliachiwa. Bhagavathar na Krishnan walitiwa hatiani Mei 1945, wakahukumiwa adhabu ambayo sheria za India ya Mwingereza ziliita kupelekwa ng'ambo maisha. Kwa lugha yetu ni kifungo cha maisha. Jina lilitokana na desturi ya kale ya kuwasafirisha wafungwa hadi visiwa vya Andaman, na kuna wanaosimulia kana kwamba Bhagavathar alipelekwa huko. Hakupelekwa. Mahakama Kuu ya Madras ilikataa rufaa yao ya kwanza.

Wakaenda London, kwenye Kamati ya Sheria ya Privy Council. Huku kwetu wazee wa sheria wanaikumbuka vyema, kwa sababu enzi ya ukoloni ndiyo iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa hata kwa Kenya na Tanganyika. Ndipo palipozaliwa dhana nyingine: kwamba London iliwaachia huru. Haikuwaachia. Ilichofanya ni kurudisha shauri Madras lisikilizwe upya. Mahakama Kuu ile ile, safari hii mbele ya majaji wengine, ikaona ushahidi hausimami, ikawaachia Aprili 1947, miezi michache kabla ya India kupata uhuru. Walikuwa wamekaa ndani zaidi ya miaka miwili. Aliyemuua Lakshmikanthan hajulikani hadi leo, na kila kizazi cha Watamil kimekuwa na mtuhumiwa wake wa barazani.

Turudi sasa kwenye swali la jela.

N. S. Krishnan alitoka siku zile zile na Bhagavathar. Naye alitokea jukwaani, naye alikuwa kipenzi cha watu, naye jina lake lilikuwa limetajwa mahakamani kwa miaka. Akapokewa kwa shangwe, akapewa cheo cha heshima cha Kalaivanar, na kufikia 1949 alikuwa nyota wa Nallathambi, filamu iliyoandikwa na C. N. Annadurai. Mwaka 1951 akaongoza Manamagal. Aliendelea kuchekesha na kukosoa jamii hadi alipofariki 1957. Watazamaji walimsamehe, au tuseme hawakuona cha kumsamehe. Ni vigumu kuamini kwamba watu hao hao waliona aibu ya jela kwa mmoja wasiione kwa mwingine.

Tofauti ilikuwa kwenye kazi waliyoifanya. Krishnan aliuza maneno na mizaha. Bhagavathar aliuza sauti, na soko la sauti lilikuwa limepinduka wakati yeye hayupo.

Mapinduzi hayo yalikuja kwa njia tatu ambazo hazikupangwa na mtu. Ya kwanza ni ule utaratibu wa kuimbiwa. Ulianza kuingia kwenye filamu za Kitamil mwishoni mwa miaka ya thelathini, kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa miaka ya arobaini ulikuwa umeshika. Sasa shujaa aliweza kuwa mtu mwenye kifua, upanga na macho ya kuongea, na wimbo akaimbiwa. Filamu ya kwanza ya Bhagavathar baada ya jela, Raja Mukthi ya 1948, inaonyesha jambo hilo kwa namna inayotia huruma: yeye aliimba mwenyewe kama kawaida yake, lakini bibi wa filamu, V. N. Janaki, aliimbiwa na msichana M. L. Vasanthakumari, aliyekuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kikarnatiki. Humo humo ndani ya filamu ya kurudi kwake kulikuwa na mfumo uliokuja kuchukua nafasi yake.

Ya pili ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utepe mbichi wa filamu ulikuwa adimu, na serikali ya kikoloni ikaweka kikomo cha futi 11,000, sawa na takriban saa mbili. Filamu za nyimbo hamsini zikawa hazitoshei tena. Watengenezaji walijifunza kwa lazima kusimulia upesi, na vita vilipokwisha hawakurudi nyuma kabisa.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, na inatufikisha kwenye siasa. Mwishoni mwa miaka ya arobaini waliingia waandishi wa vuguvugu la Kidravidi, watu waliopinga utawala wa Mabrahmini, wengi wao hawakuwa na haja na miungu wala watakatifu, na walikuwa mafundi wa hotuba. Annadurai aliandika Velaikkari mwaka 1949. Deepavali ya 1952 ikatoka Parasakthi, maneno yakiwa ya M. Karunanidhi na shujaa akiwa kijana mgeni, Sivaji Ganesan, aliyesimama kizimbani na kutema hotuba ndefu ambayo watu waliikariri kama vile baba zao walivyokariri nyimbo za Bhagavathar. Mwaka huo huo Bhagavathar alikuwa na filamu mbili, Amarakavi na Shyamala, na zote mbili hazikufua dafu. Mtazamaji wa 1944 alitaka mwana mpotevu anayerudi kwa wazazi akiimba. Mtazamaji wa 1952 alitaka mtu asimame amwambie hakimu ukweli.

Kuna pingamizi la haki hapa, na sitaki kulifunika. K. B. Sundarambal, mwimbaji wa jukwaani kama yeye na mkubwa kwake kwa jina, alirudi 1953 na Avvaiyar, filamu ya kidini iliyojaa nyimbo, na ikavuma mno. Kwa hiyo sauti ilikuwa bado inauzika? Inauzika, ila kwa nafasi maalumu. Sundarambal alicheza bibi kizee mshairi ambaye Watamil wanamheshimu tangu karne nyingi, na hakuna aliyetarajia awe kijana wa mapenzi. Bhagavathar, akiwa na miaka zaidi ya arobaini, alibaki kwenye nafasi za shujaa. Mfano wa upande wa pili ni T. R. Mahalingam, mwigizaji mwimbaji aliyekuwa mdogo kuliko yeye na hakuwahi kufungwa kwa mauaji. Alivuma katikati ya miaka ya arobaini, naye nyota yake ikafifia miaka ya hamsini ilipoanza, hadi aliponyanyuka tena kwa muda 1958.

Sisemi jela haikumdhuru. Mikataba ya filamu kadhaa ilivunjika au kupewa wengine, mawakili walikula akiba yake, na mtu aliyeishi kwa kupendwa hadharani haingii kizuizini akatoka vile vile. Wengi waliomfahamu walisema alitoka na moyo wa kujitenga, akipendelea mahekalu kuliko studio. Lakini hata kama Lakshmikanthan angeishi hadi uzee, naona filamu ya Kitamil ingemfikisha Bhagavathar mahali hapo hapo, pengine miaka mitano baadaye.

Alijaribu. Mwaka 1957 aliongoza mwenyewe Pudhu Vazhvu, maana yake "maisha mapya", na watu hawakwenda. Kwenye majukwaa ya muziki, hata hivyo, waliendelea kujaa kumsikiliza hadi mwisho, na hilo nalo ni ushahidi wa hoja yangu: waliompenda kama mwimbaji hawakumwacha. Alifariki hospitalini Madras tarehe 1 Novemba 1959, hajafikisha miaka 50. Filamu yake ya mwisho, Sivagami, ilitoka mwaka uliofuata. Kwa jumla aliigiza filamu 14, idadi ambayo nyota wa leo huimaliza kwa miaka michache.

Wale waliokuja baada yake walikuwa wamesimama karibu naye muda wote. M. G. Ramachandran, kijana aliyetoka kambi ya wavulana, alipewa nafasi ndogo kwenye Ashok Kumar na nyingine kwenye Raja Mukthi. Alikuwa na upanga, tabasamu, na baadaye chama. Mwaka 1977 akawa waziri mkuu wa Tamil Nadu, akifuata njia ya kutoka filamu hadi uwaziri mkuu iliyofunguliwa na Annadurai na Karunanidhi, na ambayo Jayalalithaa, aliyeigiza naye kama bibi kwenye filamu nyingi, aliipitia 1991. Kuimba hakuimba. Nyimbo zake, na za Sivaji Ganesan pia, kwa miongo kadhaa ziliimbwa na T. M. Soundararajan wa Madurai, mtu ambaye alipoanza alisifika kwa jambo moja hasa: kuiga sauti ya Bhagavathar hadi usimtofautishe. Wimbo wake wa kwanza wa filamu, kwenye Krishna Vijayam ya 1950, aliuimba kwa mtindo ule ule.